Mzigo wa Waliofika Kwanza Edgware Road

Treni ya Circle Line ilitoka kituo cha Edgware Road kuelekea Paddington asubuhi ya Alhamisi, 7 Julai 2005. Haikuwa imekwenda mbali handakini. Saa 2:49, Mohammad Sidique Khan, kijana wa miaka 30 kutoka Yorkshire, alijilipua katika behewa la pili. Muda huohuo treni nyingine ilikuwa ikipishana nayo, ikija kituoni. Abiria wa treni hiyo walisikia mayowe ya wenzao gizani, ng'ambo ya kioo. Baadhi yao walivunja madirisha wakapenya kwenda kwa majeruhi. Mmoja alikuwa mwalimu. Hakuwa na glovu, redio wala cheo chochote kilichomwamuru kwenda.

Watu sita waliuawa pale, mbali na mlipuaji mwenyewe. Mabomu manne ya siku hiyo, matatu chini ya ardhi na moja ndani ya basi la Tavistock Square, yaliua watu 52 na kujeruhi zaidi ya 700. Magaidi wameandikwa sana, na wafu wameombolezwa inavyostahili. Walioandikwa kidogo ni waliokuwa wakiingia handakini wakati wengine wanatoka: wafanyakazi wa kituo, wazimamoto, askari, wahudumu wa ambulensi, na abiria kama yule mwalimu. Kilichowapata baadaye kimechunguzwa na madaktari wa akili, kama mtu angetarajia. Lakini wapo pia wanazuoni wa fani nyingine, ya mawasiliano, ambao kwa zaidi ya miaka 25 wamekuwa wakikaa na waokoaji na kusikiliza wanavyosema. Naamini hawa wa pili wameona jambo ambalo wa kwanza walichelewa kuliona.

Edgware Road ni barabara iliyonyooka, kwa sababu Warumi ndio waliochora njia yake. Inaanzia Marble Arch na kupanda kaskazini-magharibi. Msomaji wa Mombasa, Unguja au Maskati akishuka hapo hatajisikia mgeni sana: vibao vya Kiarabu, mikahawa ya Walebanoni na Wairaki, wazee na chai ya mnanaa, moshi wa shisha mpaka usiku mkubwa. Kituo cha treni chenyewe ni cha Januari 1863, reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilipofunguliwa. Asubuhi ile ya Julai majeruhi walitolewa humo wakapelekwa katika duka la Marks & Spencer na hoteli ya Hilton zilizokuwa jirani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa karibu. Picha iliyozunguka dunia nzima ilipigwa hapo: mwanamume akimwongoza mwanamke aliyejishikia barakoa nyeupe usoni kufunika majeraha ya moto. Huyo mwanamume naye alikuwa mpita njia tu aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto.

Sasa tuliangalie suala la mawasiliano, maana ndilo kiini. Tangazo la kwanza kwa abiria wa London lilisema kuna hitilafu ya umeme. Taarifa za mwanzo kutoka Edgware Road zilizungumzia treni iliyogonga ukuta wa handaki. Gari la zimamoto lilielekezwa kwanza Praed Street, mtaa wa jirani. Na kwa kuwa majeruhi wa treni moja waliweza kujitokeza katika vituo viwili, kila ncha ya handaki na kituo chake, kwa muda fulani iliaminika kwamba milipuko ni mingi kuliko ilivyokuwa. Chini handakini, askari wa polisi wa reli ndio waliokuwa na redio zinazofanya kazi. Mzimamoto au mhudumu wa ambulensi aliyehitaji machela alilazimika kumtuma mtu apande ngazi mbio, akaseme, arudi na jibu. Mwaka 2005, katika jiji tajiri kama lile, ujumbe ulikwenda kwa miguu.

Hilo halikuwa jipya. Tarehe 18 Novemba 1987 moto uliua watu 31 katika kituo cha King's Cross, na uchunguzi wa Desmond Fennell uliofuata ulitaka polisi wa reli na wazimamoto waweze kuwasiliana kwa redio wakiwa chini ya ardhi. Kamati ya Baraza la London chini ya Richard Barnes ilipotoa ripoti yake Juni 2006, ilieleza kwa hasira ya haki kwamba miaka 18 ilikuwa imepita na kazi haijakamilika. Ilieleza pia jinsi viongozi wa huduma ya ambulensi walivyotegemea simu za mkononi, na mitandao ikaelemewa. Redio za kidijitali za vikosi vyote zilifika mahandakini miaka michache baadaye, baada ya watu 52 kuzikwa.

Ripoti nyingi huishia kwenye vifaa: redio ngapi, minara mingapi. Mimi nataka tumfikirie mtu mwenyewe. Amepiga magoti kwenye masizi kati ya watu wanaomwita, mikono yake ni miwili, na amemtuma mtu juu. Jibu haliji. Hajui kama ujumbe umefika, kama wenzake wanakuja, kama kuna bomu jingine. Damu anaijua, ni sehemu ya kazi yake. Asichokijua ni kama kuna yeyote anayemsikia. Hata kwa raia wa kawaida jambo hili lilipimika. James Rubin, Simon Wessely na wenzao waliwahoji kwa simu wakazi 1,010 wa London siku chache baada ya milipuko, na asilimia 31 walikuwa na msongo mkubwa. Waliotatizika kuwapata jamaa zao kwa simu ya mkononi walielekea kuwa na msongo zaidi. Ikiwa mtu aliye salama ofisini anaumizwa na simu isiyopokewa, basi aliye handakini anabeba kiasi gani?

Swali la namna hiyo ndilo lililozaa kazi ya Profesa Sarah J. Tracy wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Safari yake ya kitaaluma haikuanzia kwenye maafa. Aliwahi kufanya kazi ndani ya meli ya kitalii, ambako kutabasamu ni sehemu ya mkataba, na baadaye akaiandikia kazi hiyo makala inayosomwa mpaka leo. Alipokuwa akisomea udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Colorado, yeye na Profesa Karen Tracy waliingia katika kituo kinachopokea simu za dharura za 911. Hawakwenda na fomu za kujaza. Walikaa, wakasikiliza simu zikiingia, wakasikiliza pia yale yanayosemwa baada ya simu kukatwa. Makala yao ilitoka mwaka 1998.

Kabla yao, mwanasosholojia Arlie Hochschild alikuwa ameonyesha mwaka 1983, kwa mfano wa wahudumu wa ndege, kwamba kuna kazi inayouza hisia: unalipwa uonyeshe furaha usiyokuwa nayo. Wapokea simu wa dharura walionyesha upande mwingine. Wao hawatakiwi kuonyesha furaha wala huzuni. Mama anapiga kelele kwamba mtoto hapumui, na sauti inayomjibu inapaswa kuwa tulivu, iulize anwani, iulize tena anwani. Anayefuata anaweza kuwa mlevi anayetukana, naye ajibiwe kwa sauti ileile. Kilichowavutia watafiti ni kwamba wapokea simu hawakuzidhibiti hisia hizo kila mmoja peke yake kifuani mwake. Walizidhibiti kwa kuzungumza: kwa kuguna, kwa kumgeukia mwenzao wa kiti cha pili na kumsimulia, kwa mzaha ambao mtu wa nje angeuona ni ukatili. Anayepokea simu ana msiba mwingine tena, kwamba aghalabu hajui hadithi iliishaje. Gari likishafika, simu inakatwa. Mtoto alipona? Zamu inaendelea.

Kutoka hapo kazi ilitanuka. Clifton Scott na Karen Myers walichapisha mwaka 2005, mwaka uleule wa mabomu ya London, utafiti kuhusu namna wazimamoto wapya wanavyofundishwa hisia kituoni. Hakuna somo linaloitwa hivyo. Kijana anajifunza kwa kuangalia: nani anacheka, nani ananyamaza, nani aliyeonekana akilia na aliambiwa nini. Mwaka uliofuata Tracy, Myers na Scott waliunganisha walichokiona kwa wazimamoto, askari magereza na wapokea simu za dharura, wakaandika kuhusu mizaha yao. Hoja yao ni kwamba mzaha haukuwa pumziko tu la kupunguza joto. Kwa mzaha watu hawa walikuwa wakiamua pamoja kilichotokea kilikuwa nini na wao ni watu wa aina gani baada ya kukiona.

Ni hoja nzito kuliko inavyosikika. Inasema kwamba msongo wa mwokoaji hauishi kichwani mwake peke yake. Unaishi kati yake na wenzake, katika yale wanayoruhusiana kusema. Kikosi chenye lugha ya kusimulia tukio bovu kina uwezo wa kulibeba. Kikosi ambacho mtu hawezi kusema "lile la jana limenishinda" kinawaachia watu wake wabebe kila mmoja peke yake, na baadhi watalibebea kwenye chupa. Profesa Carol North na wenzake waliwachunguza wazimamoto 181 waliofanya uokoaji Oklahoma City, ambako bomu la 19 Aprili 1995 liliua watu 168. Asilimia 13 walikuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe, pungufu ya wanaume waliokuwa wahanga wenyewe, ambao walikuwa asilimia 23. Ila tatizo la ulevi lilikuwa limekithiri kati ya wazimamoto hao, na kwa sehemu kubwa lilikuwapo hata kabla ya bomu. Nikisoma matokeo hayo naona watu waliokuwa na dawa moja tu waliyoruhusiwa hadharani.

Lakini mtu asiruke kusema basi, waambieni waongee. Hapo ndipo fani ya kuwatuliza waokoaji ilipojikwaa. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, aliyewahi kuwa mzimamoto, alitunga utaratibu wa kikao kimoja cha kikundi baada ya tukio: wote wakae, waeleze walichoona, walichofikiri, walichohisi. Utaratibu ulienea duniani kote kwa kuwa ulionekana wa kiungwana. Kisha ushahidi ukakusanywa. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2002 hayakuona kwamba kikao kimoja cha kumhoji mtu muda mfupi baada ya tukio kinazuia ugonjwa, na yalionya kwamba huenda kikamdhuru. Mapitio hayo yalihusu zaidi watu waliohojiwa mmoja mmoja, na watetezi wa Mitchell wamelishikilia hilo. Hata hivyo, mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa Machi 2005 ulishauri vikao vya namna hiyo visifanywe kuwa kawaida. Miezi minne baadaye mabomu yakalipuka.

Kwa hiyo London ilikuwa na bahati ya kuchagua njia nyingine. Profesa Chris Brewin wa University College London na wenzake walisimamia mpango wa kuwatafuta walioathirika, kuwapima kwa maswali machache, kuwafuatilia kwa muda, na kuwatibu waliohitaji kwa tiba iliyothibitishwa. Katika jeshi la majini Waingereza walikuwa na utaratibu mwingine, uliochunguzwa sana na Profesa Neil Greenberg, ambao uliwafundisha askari wa kawaida kumtambua mwenzao anayeyumba, kukaa naye siku chache baada ya tukio, na kurudi kwake tena mwezi mmoja baadaye. Utaratibu huo umeingia katika polisi na huduma nyingine za dharura. Anayeuliza anaijua kazi, anajua nukta ipi katika simulizi ni ngumu, na anarudi. Wanazuoni wa mawasiliano hawangeshangaa: walikwisha kuona kwamba mazungumzo yenye nguvu hayapangwi na mgeni mwenye daftari saa mbili baada ya tukio, hutokea jikoni kwenye kituo cha zimamoto, mara nyingi, kidogo kidogo.

Uchunguzi wa kisheria wa vifo vya 7 Julai ulianza Oktoba 2010 chini ya Jaji Heather Hallett, akatoa uamuzi wake 6 Mei 2011. Waokoaji walisimama mbele ya familia za marehemu na kueleza, dakika kwa dakika, walichofanya na walichoshindwa. Jaji aligusa mambo mawili ninayoyaona makubwa. La kwanza ni lugha. Aliwasikiliza viongozi wa vikosi wakitumia majina ya kitaalamu ambayo kikosi kingine kisingeyaelewa, pamoja na jina refu la kitu ambacho kwa kweli kilikuwa chumba cha mikutano kinachohamishika, akasema wazi kwamba maisha ya watu yanataka maneno yanayoeleweka. Pendekezo hilo aliliweka kwenye orodha yake ya mapendekezo tisa, sambamba na mambo ya redio na matibabu.

La pili lilihusu muda. Baada ya kupima ushahidi wa kitabibu alihitimisha kwamba, kwa uwezekano mkubwa zaidi, kila mmoja wa wale 52 angefariki hata kama msaada ungefika mapema zaidi. Kwa familia hiyo ilikuwa faraja chungu. Kwa mwokoaji, ni jibu la swali ambalo watu wa kazi hii hujiuliza usiku: ningekimbia kidogo zaidi, ningeanza na yule badala ya huyu? Karibu miaka sita ilipita kabla ya jibu hilo kutamkwa na mtu mwenye mamlaka ya kulitamka. Sidhani tumewahi kupima gharama ya kungoja neno kwa muda huo.

Sisi nasi tuna yetu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi liliua watu 213, na la Dar es Salaam liliua 11. Nairobi, waliofika kwanza walikuwa wananchi wenyewe, waliochimbua kifusi cha jengo la Ufundi kwa mikono kabla ya vikosi vya nje kutua. Chini ya kifusi kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akizungumza na mwenzake aliyefukiwa karibu naye, na waokoaji wakimsikia. Nchi nzima ikashika sauti hiyo. Alifariki kabla hawajamfikia. Waliokuwa wakimjibu, wakimwambia avumilie wanakuja, walirudi nyumbani na ahadi ambayo hawakuweza kuitimiza. Daktari wa akili Frank Njenga na wenzake waliwahoji karibu Wakenya 3,000 katika miezi ya mwanzo baada ya mlipuko, na asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe. Ni moja ya kazi kubwa za namna hiyo kufanyika barani Afrika, na haijapewa heshima inayostahili katika magazeti yetu.

Tena tukumbuke Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Viktoria ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Majaliwa Jackson, kijana aliyewasaidia abiria kutoka kwa mlango wa nyuma, alieleza baadaye kwamba rubani alimwashiria avunje dirisha la mbele, akafuata kifaa cha kuvunjia, akazuiwa na mtu mwenye kipaza sauti aliyemwambia kwamba mawasiliano na marubani yapo na maji hayaingii. Taifa lilimsifu, likampeleka kwenye mafunzo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa sahihi kumsifu. Ila kijana aliyetazamana na mtu aliye hai kupitia kioo, kisha akasikia kwamba amekufa, anahitaji zaidi ya bahasha na makofi.

Waingereza wenyewe hawajamaliza. Baada ya 2005 vikosi vyao viliwekewa kanuni za pamoja: kukutana mahali pamoja, kuzungumza lugha moja, kuielewa hatari kwa pamoja. Usiku wa 22 Mei 2017 bomu likaua watu 22 kwenye ukumbi wa burudani Manchester, na wazimamoto wakachukua zaidi ya saa mbili kufika ukumbini, wakati vituo vyao havikuwa mbali. Ripoti ya Sir John Saunders ya Novemba 2022 ilieleza mawasiliano yaliyovunjika, viongozi wasiokutana, simu zisizojibiwa. Wazimamoto waliozuiliwa usiku ule walikuwa tayari kwenda. Nao wamo katika hesabu ya walioumizwa, ingawa hawakuona hata tone la damu.

Ndiyo maana ningependa kuona Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au wenzao wa Nairobi, wakimpa mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu ruhusa na nauli akakae katika chumba kinachopokea simu za 114, namba ya dharura ya zimamoto Tanzania. Akae zamu nzima, usiku pia. Asikilize simu, kisha asikilize kinachosemwa simu ikikatwa, na nani anamwambia nani. Aende pia kwa wavuvi wa Bukoba, kwa waliochimba kifusi Nairobi, kwa vijana wa bodaboda ambao ndio ambulensi ya kwanza ya barabara zetu, awaulize ni nani aliyewahi kurudi kwao kuwaambia mgonjwa wao alifikia wapi.